Mama aliyekuja kuungama na mkalimani wa miaka 11

 

Leo nataka nikusimulie jambo ambalo nimelibeba kwa miaka 15, na ambalo wiki mbili zilizopita lilirudi mlangoni kwangu likiwa na bahasha mkononi. Wahusika wameniruhusu niliandike, mradi nisiwataje majina.

Ilikuwa Kwaresima. Nilikuwa nazungukia vigango vya pwani, kwenye ile njia ya mchanga inayotoka Mtwara mjini kuelekea Msimbati na maingilio ya mto Ruvuma. Huku Wakristo ni wachache, na kigango chenye watu 40 kinahesabika kuwa kikubwa. Niliwekewa kiti chini ya mkorosho, watu wakaja mmoja mmoja kuungama. Wa mwisho alikuwa mama mchuuzi wa pweza, kiziwi tangu utotoni. Hakuja peke yake. Alikuwa amemshika mkono binti yake wa miaka 11, na yule mtoto akaniambia: "Shikamoo Baba. Mama anataka kuungama. Mimi nitakuambia anachosema."

Ndugu msomaji, mimi nilisoma teolojia Peramiho. Sheria za Kanisa nilizifanyia mtihani nikafaulu. Kanuni ya 990 inasema hakuna anayezuiwa kuungama kwa njia ya mkalimani, na kanuni ya 983 inamfunga mkalimani huyo kwa siri kama inavyomfunga padre. Nilijua pia kwamba halazimiki kuwa na mkalimani hata kidogo: asiyeweza kusema anaungama kwa ishara, kwa maandishi, kwa machozi yake, kadiri awezavyo, na Mungu ambaye hana haja ya masikio yetu anapokea. Yote haya nilikuwa nayo kichwani.

Lakini nilimtazama yule mtoto, nikafikiri: huyu atawezaje kubeba dhambi za mama yake? Nikaogopa. Hapo sikukosea. Kosa langu ni kilichofuata. Badala ya kumwambia mtoto akacheze na kumwacha mama yake aniungamie kwa mikono yake, nilisema: "Mwambie mama asubiri, nitamtafuta mtu mzima anayejua lugha ya alama." Mtoto akamwambia. Mama akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Nilitafuta kwa juma moja, kisha Juma Kuu likanimeza na shughuli zake. Pasaka ile mama yule alikaa kwenye benchi la nyuma, wenzake wakaenda kukomunika, yeye akabaki. Alikuwa anamsubiri mtu wangu.

Sasa nije kwenye bahasha. Yule mtoto leo ni dada wa miaka 26. Ana cheti cha kidato cha sita, amefanya kazi ya kuuza duka, amejitolea kuwasaidia viziwi mahakamani na kwenye ofisi za kata. Alikuja parokiani na barua ya kuomba msaada wa ada. Anataka kusoma shahada ya kwanza ya ukalimani wa lugha ya alama, kwa sehemu kubwa kupitia intaneti.

Nilimuuliza swali ambalo nadhani nawe ungemuuliza: "Mwanangu, wewe lugha ya alama umenyonya pamoja na maziwa ya mama. Chuo kitakufundisha nini?"

Akanyamaza kidogo, kisha akanisimulia habari ambayo sikuwa naijua. Mwaka uleule wa Kwaresima ile, mama yake alikuwa mjamzito. Walikwenda kwenye zahanati moja, na mhudumu, kwa kukosa mtu mwingine, alimwambia yule mtoto amweleze mama yake kwamba kichanga tumboni hakina uhai. "Baba, sikuijua alama ya kusema hivyo," aliniambia. "Nilionyesha mtoto amelala. Mama akatabasamu."

Nimeandika sentensi hiyo na kuifuta mara tatu kabla ya kuiacha hapo.

Hilo ndilo chuo kinachofundisha, ndugu msomaji. Kujua lugha mbili si kuwa mkalimani, kama vile kujua kuogelea si kuwa nahodha. Mkalimani hujifunza kushika maana nzima na kuivusha, bila kupunguza kwa huruma wala kuongeza kwa kiherehere. Hujifunza istilahi za hospitali na za mahakama. Hujifunza kwamba uso nao ni sarufi: katika lugha nyingi za alama nyusi zikiinuka sentensi inakuwa swali, na asiyejua hilo anaweza kugeuza swali la hakimu kuwa tamko. Hujifunza kutunza siri. Hujifunza kusema "hili siliwezi, mtafuteni mwingine". Hata uchovu una somo lake, kwa maana ubongo wa mkalimani huchoka upesi. Kwenye mikutano mirefu hufanya kazi wawili wawili, wakipokezana kila baada ya dakika 20 hivi. Sisi makanisani humsimamisha binti mmoja saa tatu za Misa ya kipaimara, halafu tunamshukuru kwa soda.

Na masomo ya namna hiyo kwa intaneti yapo kweli. Huko Marekani, chama cha wakalimani kiitwacho RID, kilichoanzishwa mwaka 1964, kiliamua kwamba kuanzia mwaka 2012 mkalimani mwenye kusikia hawezi kufanya mtihani wa kuthibitishwa bila kuwa na shahada ya kwanza au sifa zinazolingana nayo. Wengi waliokuwa kazini walikuwa na stashahada tu, wana watoto, hawawezi kuhama. Vyuo vikaona hitaji, na vingine, kama William Woods cha jimbo la Missouri, vikaweka masomo hayo mtandaoni. Mwanafunzi anajirekodi video akitafsiri, anaituma, mwalimu anaitazama mkono kwa mkono na kumrudishia masahihisho.

Binti yetu anataka kitu cha aina hiyo. Mimi na yeye tulibishana, na ubishi haujaisha.

Mimi nilimwambia: lugha ya alama ya Marekani si Lugha ya Alama ya Tanzania. Watu wengi hudhani viziwi wa dunia nzima wana lugha moja. Si kweli. Hata hapa kwetu alama zilitofautiana kati ya shule na shule, za Tabora hivi, za Buguruni vile, na kazi ya kuziweka pamoja imewagharimu viziwi wenyewe na wataalamu miaka mingi. Utarudi na shahada ya dola, nikamwambia, umfasirie mama wa Msimbati kwa mikono ya Missouri? Halafu kuna video. Masomo ya maandishi unaweza kuyasoma hata mtandao ukiwa dhaifu, lakini lugha ya alama mtandao ukikwama sekunde mbili sentensi imepotea. Mwezi Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, tulikaa siku kadhaa tunatazama duara linazunguka kwenye simu. Na umeme unaujua. Gesi tunaitoa hapahapa Msimbati, lakini mishumaa bado tunanunua.

Nikamshauri aanze na cha nyumbani. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa mwaka 1992 kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi na familia, kina kituo Mtwara, na kina shahada ya ualimu wa elimu maalumu. Chuo chetu cha Askofu Mkuu Mihayo kule Tabora kinafundisha walimu wa namna hiyo pia. Na kwa majirani zetu Uganda, Chuo Kikuu cha Kyambogo kinatoa stashahada ya ukalimani wenyewe.

Alinisikiliza kwa adabu yote. Kisha akasema: "Baba, mwalimu wa viziwi ni mwalimu. Mimi nataka kuwa mkalimani. Na ninyi mapadre mlisoma teolojia kwa vitabu vya Kilatini na Kiingereza, mbona mnawahubiria Wamakonde wakaelewa? Alama nitajifunza kwa viziwi wa hapa. Ufundi nitaufuata ulipo."

Sikuwa na jibu zuri. Bado naamini ada ile ni kubwa mno kwa kitu ambacho nusu yake itabidi aifundishwe upya na mama yake na wenzake. Lakini lile la ufundi limenikaa.

Sisi watu wa Kanisa tuna historia ndefu na jambo hili, na si yote ya kujivunia. Mtakatifu Fransisko wa Sales, askofu, alimfundisha kijana kiziwi aitwaye Martin imani kwa ishara mpaka akapokea komunyo. Ndiyo maana viziwi wanamhesabu kuwa msimamizi wao. Padre Charles-Michel de l'Épée alikutana Paris na mabinti wawili ndugu, wote viziwi, akaanza kujifunza alama za viziwi badala ya kuwalazimisha wajifunze midomo yake, na kuanzia mnamo mwaka 1760 akafungua shule. Lakini mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milano wakapiga kura kwamba alama ziondolewe madarasani, watoto wafundishwe kwa midomo tu. Aliyeongoza mkutano ule alikuwa padre pia, Giulio Tarra. Vizazi vya watoto vilifungwa mikono, na kwingine kwa fimbo. Ilichukua hadi mwaka 2010, kule Vancouver, mkutano wa aina ileile kutamka majuto.

Kwetu, shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, na Kanisa Katoliki ndilo lililoifungua. Serikali nayo iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga sheria. Kila tarehe 23 Septemba dunia inaadhimisha siku ya lugha za alama. Kwenye makaratasi tumefika mbali.

Fungua Injili ya Marko, sura ya 7, uangalie Yesu alivyofanya na yule kiziwi wa Dekapoli. Sisi wahubiri tunakimbilia neno "Efatha" na muujiza. Rudi nyuma kidogo. Kwanza anamtoa katikati ya umati, faragha. Kisha vidole masikioni, anagusa ulimi, anainua macho mbinguni, anavuta pumzi kwa uchungu. Yote hayo ni ya kuonekana. Yesu alianza kuzungumza na mtu yule kwa mikono, kwa lugha aliyoielewa, kabla ya kutamka lolote. Kiziwi mmoja aliwahi kuniandikia kwenye daftari kwamba amechoka na mahubiri ya Injili hiyo, kwa sababu kila mwaka watu wote kanisani hugeuka kumtazama kama vile wanangoja apone. Alikuwa anangoja padre ajifunze kumsalimu.

Au chukua Luka sura ya 1. Jirani zake Zakaria wanataka kujua mtoto aitwe nani, basi wanamuuliza kwa ishara. Hawakumpita baba wa mtoto wakamalizana na mama peke yake, ingawa mama alikwisha kusema. Walimuuliza mwenyewe, wakangoja aandike.

Mama yetu wa pweza amekuja Misa miaka yote hii. Anajua ni wakati wa mageuzo kwa sababu majirani zake wanapiga magoti. Kwaya inapoimba anatazama midomo na vigelegele. Sokoni anataja bei kwa vidole na hakuna anayempunja, maana anajua hesabu kuliko wateja wake. Nilimwungamisha hatimaye, ndiyo, miaka iliyofuata, kwa mikono yake na kwa ujinga wangu wa alama, na kilichosemwa ni chake na Mungu wake. Lakini homilia zangu zote za miaka 15, zile nilizoziandaa mpaka usiku wa manane, hajapata hata moja.

Kama parokia yako ina anayejua alama, msimamishe karibu na mimbari, mwanga ukiwa mbele yake na si mgongoni, avae nguo ya rangi moja ili mikono ionekane, umpe masomo na homilia siku mbili kabla. Na umlipe. Mpiga kinanda unamlipa.

Barua ya binti itajadiliwa na halmashauri ya walei Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili. Paa la kigango nalo lipo kwenye ajenda, na mifuko ni uleule mmoja. Msimu wa korosho bado. Mama ameomba kuja kusema maneno yake mbele ya kikao. Nilidhani binti atamfasiria kama kawaida, lakini amekataa. Anasema suala hili linamhusu yeye mwenyewe, na mkalimani hafasiri kwenye kesi yake. Kikao kitafute mtu mwingine, mtu mzima, asiye ndugu.

Nimepiga simu Mtwara mjini, Mikindani, Masasi mpaka Lindi. Mpaka naandika haya, Alhamisi usiku, hatujampata.