Je, Wajua? Kila Mlo wa Wikendi Una Saa Yake

Sisi wakazi wa Dar es Salaam tuna bahati ambayo wengi hatuitumii. Kwa muda wa saa mbili hivi, iwe kwa treni, boti au gari, unafika mahali penye chakula chake, mandhari yake na historia yake. Kinachoharibu safari nyingi fupi ni kufika kwa saa isiyo yake: samaki wameshakwisha sokoni, bahari imejitenga na ufukwe, au ni mchana wa Ramadhani na tumbo linanguruma. Haya ni ya kujua kabla hujafunga begi Ijumaa jioni.

Je, wajua kwamba safari ya kula vizuri inaweza kuanza bila kutoka jijini, ilimradi uamke mapema? Soko la Samaki la Feri, pale Kivukoni, hupamba moto alfajiri boti zinaporudi kutoka kuvua. Samaki hunadiwa fungu kwa fungu. Mnadi anataja bei, wachuuzi wanapandisha, na fungu likishapata mwenyewe linaingia kwenye ndoo kabla hujamaliza kuuliza ni samaki gani. Ukifika saa 5 mchana, wale wazuri wameshaondoka. Utaratibu ni huu: nunua samaki wako, mpelekee anayepara magamba, kisha mpeleke kwa wakaangaji wenye makarai mapana ya mafuta yanayochemka juu ya kuni. Simama hapohapo umwone akigeuzwa. Samaki aliyetoka baharini usiku, akakaangwa saa 1 asubuhi, akaliwa na ndimu na chumvi, sijaona mgahawa wa jijini unaomfikia.

Na ukishiba, pantoni ipo jirani. Kuvuka kwenda Kigamboni ni dakika chache tu majini. Wenye magari wana njia nyingine tangu 2016, Daraja la Nyerere lenye urefu wa mita 680, lakini kwa matembezi mimi nachagua pantoni, maana ndiyo inayokuonyesha jiji kutoka baharini.

Je, wajua kwamba Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ndiyo yenye fuvu la Zinjanthropus? Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959, na umri wake ni takriban miaka milioni 1.75. Magego yake ni makubwa kiasi kwamba aliitwa mvunja kokwa. Baadaye uchunguzi wa kikemia wa meno ya jamii yake ulionyesha kuwa chakula chao kikuu kilikuwa nyasi na mimea ya jamii yake, wala si kokwa.

Je, wajua kwamba tembo la mnazi halitiwi hamira? Mgema hupanda asubuhi na jioni, akakata ncha ya kole na kukinga utomvu kwenye kibuyu. Chachu ya asili iliyomo huanza kazi papo hapo. Asubuhi lina utamu wa sukari, jioni limeshakuwa pombe kamili, na likiachwa siku kadhaa huwa siki ya kupikia. Anayetaka tamu aulize limegemwa saa ngapi.

Je, wajua kwamba Bagamoyo, mwendo wa kilomita 70 hivi kutoka Dar, ilikuwa makao makuu ya Wajerumani kabla ya 1891? Mwaka huo serikali yao ilihamia Dar es Salaam, na Bagamoyo ikabaki na majengo yake. Hapo ndipo Chuma, Susi na wenzao, watumishi wa mmisionari Livingstone, walipofikisha mwili wake mnamo Februari 1874, baada ya kuubeba kwa miguu kwa miezi mingi kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Kanisa Katoliki lilifungua misheni hapo mwaka 1868. Uwanjani pa misheni upo mbuyu wa kutazamwa kwa karibu. Husimuliwa kwamba bibi mmoja wa Kifaransa, Madame Chevalier, aliuzungushia mnyororo wa kumfungia punda wake, na mnyororo ukasahaulika. Mti ukanenepa, gome likaufunika. Leo unaona kipande kifupi tu cha chuma kikichungulia. Kilichobaki kimo ndani ya mbuyu.

Kilomita chache kusini mwa mji yapo magofu ya Kaole, yenye msikiti wa karne ya 13. Nenda Kaole asubuhi, jua halijawa kali, kisha urudi mjini mchana kula kamba na samaki wa kukaanga katika soko la pwani. Watu wengi hufanya kinyume chake, wakayaona magofu saa 8 mchana huku wakitafuta kivuli.

Je, wajua kwamba Saadani, kaskazini mwa Bagamoyo, ndiyo hifadhi ya taifa pekee ya wanyamapori Tanzania bara inayopakana na bahari? Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Je, wajua kwamba chai unayokunywa Dar es Salaam ina mvua ya Uluguru ndani yake? Sehemu kubwa ya maji ya bomba jijini hutoka Mto Ruvu, na Ruvu hulishwa na milima hiyo iliyo juu ya mji wa Morogoro. Kwa hiyo Morogoro panastahili kutembelewa angalau kwa shukrani. Panda mapema kuelekea Morningside, kwenye nyumba ya enzi za Wajerumani mlimani, utapita mashamba ya mboga na vijito baridi. Kwenye miteremko ya upande wa pili, Mkuyuni na Matombo, wakulima wana mdalasini, pilipili manga na karafuu. Ndiyo, karafuu si za visiwani peke yake.

Sasa tuvuke bahari, kwa maana huko mambo ya saa ni mazito zaidi.

Je, wajua kwamba anayekwenda Unguja kuogelea aangalie mwezi kwanza? Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ni bamvua, na hapo tofauti ya kina kati ya kupwa na kujaa Unguja hukaribia mita 4. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, tofauti inakuwa ndogo. Siku za bamvua maji hufikia kupwa kabisa kama saa 4 asubuhi, na kujaa kama saa 10 jioni. Kwa pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, hii inamaanisha kwamba asubuhi bahari iko mbali kule kwenye mwamba na mbele yako ni mchanga na vidimbwi; jioni maji yako miguuni pa minazi. Mgeni asiyejua huona ameuziwa picha ya uongo. Anayejua huvaa viatu vya kutembelea mwambani asubuhi, akaacha kuogelea kwa jioni.

Na asubuhi hiyo ya maji kupwa ndiyo yenye mengi ya kuona. Utakuta mistari ya kamba na vijiti vya mwani, kilimo kilichoanza kibiashara Zanzibar mwaka 1989 na ambacho kwa sehemu kubwa kiko mikononi mwa wanawake. Mwani huo hukaushwa na kusafirishwa nje, ambako hutolewa ute unaotumika kuzitia uzito bidhaa kama aiskrimu na dawa ya meno. Mbele zaidi utawaona wanaotafuta pweza, kila mmoja na kijiti chake, wakichokoa mashimo ya mwamba kabla maji hayajarudi.

Pweza ana mioyo mitatu, na damu yake ni ya buluu kwa sababu inabeba hewa kwa madini ya shaba badala ya chuma. Hukua upesi sana, ndiyo maana baadhi ya vijiji vya Unguja na Pemba hufunga sehemu za miamba yao kwa miezi kadhaa, kisha huzifungua na kukuta pweza wakubwa. Hili ni jambo la kuheshimiwa. Ukiambiwa mwamba umefungwa, usimtafute kijana wa kukupeleka kwa siri. Na ukimla wa nazi kijijini, ujue alipigwapigwa kwanza ili alainike.

Pale Michamvi Pingwe kuna mgahawa unaoitwa The Rock, uliojengwa juu ya jiwe baharini. Maji yakipwa unaingia kwa miguu, yakijaa unatoka kwa mtumbwi.

Je, wajua kwamba karafuu ni ua ambalo halikuruhusiwa kuchanua? Matumba huchumwa yangali yamefumba, yakaanikwa juani kwa siku kadhaa mpaka yawe ya kahawia, na hupoteza takriban theluthi mbili ya uzito wake. Makonyo hayatupwi, hukamuliwa mafuta huko Pemba. Wengi hudhani Unguja ndiyo mama wa karafuu, lakini dhoruba ya 1872 iliangusha mashamba mengi ya Unguja na kuiacha Pemba, na tangu hapo Pemba ndiyo inayoongoza. Ukipita Pemba msimu wa mavuno, harufu inakupokea barabarani, kwenye mikeka iliyoanikwa nje ya nyumba.

Je, wajua kwamba kungumanga na basibasi ni za tunda moja? Kungumanga ni mbegu; basibasi ni ule wavu mwekundu unaoikumbatia. Muombe mwenye shamba akupasulie tunda mbele yako. Wekundu ule hudumu muda mfupi tu kabla haujafifia.

Vanila nayo ni ya saa zilizohesabiwa, maana ua lake hufunguka siku moja tu. Nje ya kwao Marekani ya Kati halikuwa na mdudu wa kulichavusha, mpaka mwaka 1841 kisiwani Réunion mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, alipogundua namna ya kulichavusha kwa kijiti na kidole. Mkulima wa vanila Unguja leo anatumia mbinu ileile. Jina la mtoto huyu linastahili kutajwa katika kila ziara ya mashamba ya viungo.

Je, wajua kwamba urojo mzuri hupimwa kwa uchachu wake? Mchuzi wake ni unga wa ngano, manjano, na embe mbichi au ndimu. Ndani yake zimo viazi, bajia, kachori na mishkaki, juu yake chipsi za muhogo, chatini ya nazi na pilipili. Kuna jambo moja la kuangalia: zile chipsi za muhogo zinyunyizwe mwisho kabisa, bakuli likiwa tayari mkononi mwako. Zikikaa ndani ya mchuzi hulainika na utamu wa kutafuna unapotea. Ule wa mitaani, kwa dada mwenye sufuria moja na foleni ya watu wa mtaa, kwangu ni bora kuliko wa Forodhani.

Forodhani nendeni kwa mengine. Bustani hiyo ilikarabatiwa mwaka 2009, na huamka jua linapozama. Kinachoitwa piza ya Zanzibar hakina uhusiano na Italia; ni chapati nyembamba inayofunikiwa nyama ya kusaga, yai na kitunguu juu ya bamba la moto, ndugu wa karibu wa mutabaki ya Yemen. Juisi ya miwa idai ikamuliwe mbele yako, na ndimu na tangawizi humo humo. Samaki wa mishikaki uliza wamechomwa lini, na uliza bei kabla sahani haijajaa. Ng'ambo ya barabara limesimama jengo la Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Je, wajua kwamba Unguja iliwahi kuwa na treni? Ilianza 1905, ikatoka mjini hadi Bububu, na ilikoma miaka ya 1920.

Je, wajua kwamba kahawa ya Mji Mkongwe ina vipindi? Baada ya alfajiri, na tena kuanzia alasiri mpaka usiku. Pale Jaws Corner hunywewa kwenye vikombe vidogo, bila sukari, mkononi kuna kashata au kipande cha halua, ile tuliyoshirikiana na Oman, ya wanga, samli na hiliki. Watu wanacheza drafti na kubishana siasa. Mgeni hakaribishwi kwa maneno mengi: salimia, kaa barazani, kikombe kinakuja.

Mwezi wa Ramadhani migahawa mingi ya Zanzibar hufungwa mchana, na si adabu kula au kunywa hadharani. Msiuahirishe msafara kwa sababu hiyo. Baada ya magharibi mji unafunguka: tambi za sukari, muhogo wa nazi, magimbi, kunde, kaimati, na watu barabarani mpaka usiku wa manane.

Je, wajua, mwisho, kwamba Dodoma sasa ni safari ya wikendi? Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, na Dodoma mwezi uliofuata. Hufikia kilomita 160 kwa saa. Morogoro ni chini ya saa mbili, Dodoma ni chini ya saa nne kwa treni ya haraka. Ukifika, kula ugali wa uwele kwa mlenda wa Kigogo, kisha utafute zabibu. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, kwa sababu mzabibu wa huku haulazwi na baridi. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa kuupogoa. Zabibu nyingi huiva kama Februari na Machi, na tena Agosti na Septemba. Miezi hiyo makreti huuzwa mpaka kandokando ya barabara, na mwenye shamba hukuacha uonje kabla hujanunua.