Msafara Usio na Mshindi: Siku Moja Kati ya Mashamba ya Iowa

Tunaposikia habari za watu wanaovuka nchi kwa baiskeli, mawazo yetu hukimbilia upesi kwenye mashindano: vijana waliokakamaa, saa za kupimia mwendo, na mshindi mmoja anayepandishwa jukwaani huku wenzake wote wakisahauliwa. Upo, hata hivyo, msafara mkongwe usio na kombe wala mshindi, na ambao hakuna anayeuliza nani ametangulia kufika. Kila mwaka, mwishoni mwa mwezi wa Julai, maelfu ya watu hulivuka jimbo la Iowa, katikati ya Marekani, kutoka magharibi hadi mashariki kwa muda wa siku saba. Miongoni mwao wamo wazee, wamo akina mama wa makamo, na wamo watoto walioandamana na wazazi wao. Msafara huo huitwa RAGBRAI, ufupisho wa jina refu la Kiingereza linalolitaja gazeti lililouasisi, Des Moines Register.

Chanzo chake kilikuwa kidogo mno. Mwaka 1973 waandishi wawili wa gazeti hilo, John Karras na Donald Kaul, walikuwa wapenzi wa baiskeli. Kaul alikuwa akiandika safu yake kutoka Washington. Karras akamshauri alivuke jimbo kwa baiskeli na kuandika yale atakayoyaona njiani. Kaul alikubali kwa sharti moja tu, kwamba Karras naye apande baiskeli waende pamoja. Gazeti likaridhia, na likawaalika wasomaji wanaotaka kufuatana nao. Tarehe 26 Agosti watu wapatao 300 walikusanyika mjini Sioux City, na baada ya siku sita wakafika Davenport, kwenye kingo za mto Mississippi. Waliokwenda mwanzo hadi mwisho walikuwa 114. Wasomaji waliokosa nafasi wakaandika barua wakiomba safari hiyo irudiwe, na mwaka uliofuata ikarudiwa kwa watu zaidi ya elfu mbili. Hadi leo desturi ni ileile: msafiri hulichovya gurudumu la nyuma katika mto Missouri anapoanza, na gurudumu la mbele katika mto Mississippi anapomaliza.

Tuufuate msafara huo kwa siku moja. Kabla ya jua kuchomoza, mahema yaliyopigwa katika viwanja vya shule na bustani za mji huanza kukunjwa. Wapo pia waliolala katika nyua na nyumba za wenyeji waliofungua milango yao kwa wageni wasiowajua. Mizigo hupakiwa kwenye malori yatakayotangulia hadi mji wa kulala, hivyo msafiri hubaki na maji yake, tyubu ya akiba na pampu. Hakuna firimbi ya kuanzia. Kila mtu huondoka anapokuwa tayari, na wengi hupendelea alfajiri, kwa kuwa jua la Julai katika Iowa ni kali na mahindi yaliyosimama pande zote mbili za barabara huifanya hewa iwe nzito kwa unyevu.

Urefu wa siku ya kawaida ni kama kilomita 109. Msomaji asiyezoea huenda akastaajabu tunapoiita siku hiyo kuwa ya starehe. Lakini na tupige hesabu. Mtu anayekwenda kilomita 18 kwa saa, mwendo wa mtu anayezungumza na mwenzake bila kuhema, atakaa juu ya baiskeli saa sita tu. Mchana wote, tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, una saa kumi na mbili. Kwa hiyo nusu nzima ya siku ni yake: akitaka ataketi chini ya mti, akitaka atazungumza na wenyeji, akitaka atajinyoosha apate lepe la usingizi.

Nusu hiyo ndiyo inayoujenga msafara. Kila baada ya kilomita kadhaa upo mji mdogo, mara nyingi wenye wakazi mia chache tu, uliojiandaa kwa miezi mingi kuipokea siku hiyo moja. Kina mama huoka paii za matunda na kuziuza kipande kwa kipande ili kuchangia shule au zimamoto ya mji wao. Wakulima huchemsha mahindi mabichi. Watoto huweka meza mbele ya nyumba na kuuza maji ya ndimu. Msafiri anayepita mbio haupati ukarimu huo, wala mji haupati chochote kutoka kwake.

Ni mwendo huohuo wa taratibu uliompa nafasi mtu anayekumbukwa kuliko wote waliokuwamo katika safari ile ya kwanza. Huyo ni mzee Clarence Pickard wa Indianola, aliyekuwa na umri wa miaka 83. Alijitokeza Sioux City na baiskeli ya kike iliyokwisha kutumika, akiwa amevaa kofia ngumu ya jua, shati la mikono mirefu, na nguo ndefu ya ndani ya sufu katika joto la Agosti. Kwa macho ya kawaida, mtu huyo angeshauriwa kurejea nyumbani akapumzike. Hakuna aliyemrejesha. Siku ya tano, kutoka Des Moines hadi Williamsburg, njia ilikuwa na urefu wa kilomita 177, nayo ilikuwa siku ngumu kuliko zote. Mzee Pickard aliimaliza, na kesho yake akafika Davenport pamoja na wenzake. Lau safari ile ingekuwa ya kushindana, jina lake lisingekumbukwa, maana asingeruhusiwa hata kuanza.

Hata hivyo, mtu asidhani kwamba kwenda polepole ni kwenda kwa uzembe. Mwaka 2004 mwendesha baiskeli mmoja alifariki dunia katika msafara huu baada ya gurudumu lake kuingia katika ufa wa barabara. Ndiyo maana katika kundi husikika sauti zikipokezana kutoka mbele kwenda nyuma: gari linakuja, shimo kushoto, rasta mbele, ninasimama. Aliye mbele huona kwa niaba ya walio nyuma yake, na kila anayesikia hupaza sauti kwa mwenzake. Anayekunyamazia shimo alilolikwepa yeye amekuachia ulianguke wewe.

Wapo pia wanaoangalia mkia wa msafara. Wanachama wa timu ya waendesha baiskeli ya Jeshi la Anga la Marekani hushiriki kila mwaka, nao wamejipatia sifa kwa jambo moja: husimama kando ya barabara kumzibia pancha au kumrudishia mnyororo mtu wasiyemjua. Na kwa yule ambaye nguvu zimemwishia kabisa, lipo gari la kumchukua hadi kambini. Kulipanda si aibu. Jioni atakula pamoja na wenzake, na kesho asubuhi baiskeli yake itakuwa tayari.

Tumelieleza jambo hili katika ukurasa wa familia kwa sababu safari za pamoja hazikosekani katika nyumba zetu, ziwe za baiskeli, za miguu au za kutembelea ndugu. Aghalabu mipango hufanywa na wenye nguvu, kwa kipimo cha nguvu zao. Babu huambiwa abaki kulinda nyumba, mtoto mdogo huambiwa asubiri akue, na mama huishia kuwa nyuma akikokota mizigo. Wanaobaki hawalalamiki, lakini huzoea kubaki, na mwishowe hawaalikwi tena.

Anayepanga safari ya familia na aanze kwa kumuuliza aliye dhaifu kuliko wote: utaweza kwenda kwa muda gani kabla ya kupumzika? Jibu lake ndilo liwe kipimo cha kituo cha kwanza. Mzigo usibebwe na mtu mmoja. Mwenye nguvu zaidi asiwekwe mbele, bali awe wa mwisho, ili asibaki mtu nyuma yake. Na katika saa za mchana, nusu yake iachwe wazi, bila ratiba. Vijana huenda wakanung'unika kwamba safari imechelewa. Wapewe kazi ya kuziba pancha.