Kompyuta haiioni diski yako? Usikubali kuifuta kabla ya kupitia hatua hizi

Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, diski ya nje ya kompyuta huweza kuwa ndilo kabati pekee la nyaraka za familia. Ndani yake mna vyeti vya shule vilivyopigwa picha kabla ya kukimbia Kivu au Bujumbura, barua za maombi ya hifadhi na kazi za masomo yanayofuatwa kwa njia ya intaneti. Siku diski hiyo inapochomekwa na kompyuta ikakaa kimya, mwenyewe huona kana kwamba miaka yake imezama.

Mara nyingi haijazama. Kutoonekana kwa diski ni jambo moja, kupotea kwa faili ni jambo jingine. Kinachogeuza la kwanza kuwa la pili, aghalabu, ni pupa: Windows hufungua kisanduku kinachopendekeza "Format", naye mtumiaji akakubali akidhani anaiponya diski. Amri hiyo huandika orodha mpya, tupu, mahali pa ile inayoeleza kila faili iko wapi. Kisanduku hicho kikitokea, kighairi.

Kwa mkazi wa Dzaleka suala hili lina uzito wa pekee. Malawi iliweka masharti yake kuhusu baadhi ya vifungu vya Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, kikiwemo cha uhuru wa kutembea, na mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi nje ya kambi warejee. Kumfikia fundi wa Lilongwe, umbali wa kilomita zipatazo 45, ni suala la ruhusa na nauli. Ndiyo maana inafaa kujua ni tatizo lipi unaloweza kulimaliza mwenyewe, na lipi linalostahili safari.

Je, diski inapata umeme wa kutosha?

Anza na waya. Tundu la USB la kizazi cha pili hutoa miliampia 500, na la kizazi cha tatu, ambalo mara nyingi huwa na rangi ya buluu ndani, hutoa 900. Diski yenye sahani inayozunguka huhitaji nguvu nyingi zaidi inapoanza kuzunguka. Ikikosa nguvu hiyo, taa yake yaweza kuwaka na bado kompyuta isiione.

Badilisha waya kwa mwingine mfupi, kisha jaribu tundu jingine. Kwa kompyuta ya mezani, tumia matundu ya nyuma, yaliyoungwa moja kwa moja kwenye bodi kuu. Usipitie kigawio cha USB. Hatimaye ijaribu kwenye kompyuta nyingine.

Sikiliza pia. Ukisikia mlio wa "tik, tik" unaojirudia hata baada ya kubadilisha waya na tundu, ichomoe. Huenda kichwa cha kusomea kimeharibika, na kila jaribio jipya laweza kuukwaruza uso wenye faili zako. Usiifungue wala usiitikise.

Imetambuliwa, ila haikupewa jina?

Iwapo diski inazunguka vizuri lakini haionekani miongoni mwa folda, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi X, kisha chagua "Disk Management". Hapo huorodheshwa diski zote ambazo kompyuta imezitambua, hata zile zisizofunguka.

Ukiikuta na ukubwa wake sahihi, lakini haina herufi kama D au E, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu yake na uipe herufi. Kitendo hicho hakifuti kitu.

Ikiandikwa "RAW", jiulize ilitumika wapi mara ya mwisho. Diski iliyotayarishwa kwa Linux, au kwa kompyuta mpya za Apple, Windows haiwezi kuisoma bila programu ya ziada, ingawa ni nzima kabisa. Irudishe kwenye kompyuta ya aina ile ile, unakili faili zako.

Ikiwa haikutoka huko, yawezekana orodha ya faili imevurugika. Hutokea pale umeme unapokatika diski ikiandikwa, jambo ambalo Wamalawi wanalijua vyema: Januari 2022, dhoruba Ana iliharibu kituo cha umeme cha Kapichira katika mto Shire, na nchi ikaingia gizani. Hapa usiandike chochote kipya kwenye diski. Programu ya bure iitwayo TestDisk huweza kuitafuta orodha ya zamani, lakini faili utakazookoa zihifadhi kwenye diski nyingine.

Na iwapo haimo kabisa katika orodha hiyo, kwenye kompyuta mbili na kwa waya mbili, kazi ya nyumbani imekwisha. Kosa laweza kuwa kwenye kibodi kidogo kilichomo ndani ya kasha, huku diski yenyewe ikiwa salama. Hilo ni la fundi.

Kabla ya kumkabidhi fundi

Mwambie fundi kwamba unachotaka ni faili, si diski inayofanya kazi. Bila neno hilo, anaweza kuifuta kwa nia njema na kukurudishia ikiwa tupu. Kumbuka pia kwamba maelezo ya kesi ya hifadhi hutaja majina ya ndugu na sababu za kukimbia. Ikiwezekana, kaa naye hadi amalize.

Kinga ni nafuu kuliko safari hiyo. Wataalamu hushauri nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Diski, simu, na barua pepe unayojitumia mwenyewe vinatosha kuanzia. Picha ya cheti haizidi megabaiti chache, lakini kukipata upya cheti chenyewe kutoka shule iliyofungwa na vita huenda kusiwezekane tena.