Mwanachama na Ajue Mali Yake

Wakulima wa skimu wanaopita Changamwe na nazi zao, maembe yao au mboga zao, wakiingia ofisini kwetu huuliza jambo moja mara nyingi kuliko mengine yote: "Chama chetu kinatukata fedha. Je, ni haki?" Swali hili ni jema sana, lakini jibu lake halimo katika mafaili ya Kilimo. Limo katika vitabu vya chama chao wenyewe, na vitabu hivyo mwenyewe ana ruhusa ya kuvitazama.

Changamwe ya leo ni mji wa reli, malori na viwanda, na shamba la hapa ni michicha michache nyuma ya nyumba. Hata hivyo watu wengi wanaofanya kazi bandarini na Kipevu wana ekari zao Kwale na Kilifi. Watu hao ni wanachama wa vyama viwili: hapa mjini chama cha akiba na mikopo, na kule shambani chama cha mazao. Basi tazama ajabu hii. Katika chama cha mjini mtu yule yule hukagua akiba yake kila mwezi, na ikipungua shilingi mia halali usingizi. Katika chama cha shambani hupeleka magunia sita ya korosho, akapewa kikaratasi, akakitia mfukoni, na shati likaenda kufuliwa nacho. Si kwamba mtu huyu ni mjinga. Mjini alifundishwa kusoma hesabu yake, na shambani hakufundishwa na mtu.

Elimu ya wanachama ndiyo hiyo tunayoisema. Wengi wakisikia neno hili hudhani ni mkutano wa siku moja, soda moja kwa kila mtu, na hotuba ndefu ya mgeni. La. Ni kumfundisha mwanachama mambo machache anayoyahitaji ili asimamie kilicho chake, na kumfundisha tena mwaka ujao, maana wanachama wapya huingia na wa zamani husahau.

Jambo hili si geni. Wafumaji na mafundi 28 wa mji wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao la ushirika mwaka 1844, walikuwa maskini na bidhaa zao zilikuwa chache: unga, siagi, sukari. Lakini hawakungoja kutajirika kwanza ndipo wasome. Haikupita miaka mingi wakawa wanatenga sehemu mbili na nusu katika kila mia ya ziada yao kwa ajili ya elimu, wakawa na vitabu na magazeti ya kusoma. Vyama vya ushirika vya dunia vilipoandika upya misingi yao saba mwaka 1995, msingi wa tano ulikuwa ni huo huo: elimu, mafunzo na habari.

Karibu na kwetu uko mfano ninaoupenda zaidi, kwa kuwa haukuanza na vitabu. Wakulima wa pamba wa Usukuma, Tanganyika, walikuwa wakilalamika kwamba mizani ya wanunuzi inawaibia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 waliweka watu wao wenyewe, wanaojua kusoma mizani, wasimame pale pamba inapopimwa. Kutokana na kazi hiyo ndogo ya kusimama na kutazama, vyama vikaongezeka, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Shirikisho la Victoria. Mmoja wa viongozi wao, Bwana Paul Bomani, baadaye alikuwa waziri katika serikali ya nchi yake. Somo la kwanza la ushirika kule Ziwani lilikuwa kusoma mshale wa mizani.

Hapa Kenya tulianzia upande mwingine. Chuo cha Ushirika kilianzishwa mwaka 1952, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwafundisha maofisa wa Serikali ambao wangekagua vyama. Chuo hicho kimekua, na tangu mwaka 2016 ni Chuo Kikuu kamili, makao yake Karen, Nairobi. Lakini mwanzo ule ulituachia desturi: ofisa ndiye anayejua, na mwanachama hungoja kuambiwa. Chini ya Sheria ya mwaka 1966 Kamishna wa Ushirika alikuwa na mkono katika mambo mengi ya chama, hata matumizi ya fedha yalihitaji kibali chake. Ikija Sheria ya mwaka 1997, Serikali ililegeza mkono huo na kuwaachia wanachama kazi ya kulinda mali yao. Nia ilikuwa njema. Lakini mlinzi wa zamani aliondoka kabla mlinzi mpya hajafundishwa lindo, na katika vyama vingi mali ikapotea, hata Bunge likalazimika kuirekebisha sheria hiyo mwaka 2004. Kwa maoni yangu hakuna ushahidi mkubwa kuliko huo wa kwamba elimu ya wanachama si jambo la kupamba ripoti.

Watu wa Pwani hawahitaji kwenda mbali kuutafuta ushahidi. Kiwanda cha korosho cha Kilifi kilianza kazi katika miaka ya 1970, na Umoja wa Ushirika wa Wilaya ya Kilifi ulikuwa na hisa ndani yake kwa niaba ya wakulima. Maana yake ni kwamba mzee aliyeokota korosho chini ya mti wake alikuwa, kupitia chama chake, mmoja wa wenye kiwanda. Ni wangapi waliolijua hilo? Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilipotoka katika kiwanda hicho, hisa zilibadilika mikono, madeni yakaja, na kabla ya miaka ya 1990 kwisha mashine zilikuwa zimesimama. Mikorosho ikabaki kuzeeka bila kutunzwa. Mwaka 2009 Serikali ilikataza korosho ghafi zisipelekwe ng'ambo, ili zibanguliwe hapa nchini, lakini hapo wakulima wengi walikuwa wamekwisha kukata tamaa. Sisemi kwamba elimu peke yake ingekiokoa kiwanda. Nasema kwamba mtu hawezi kuuliza habari za hisa asizojua kwamba anazo.

Sasa, mwanachama afundishwe nini? Nilisomea ualimu kabla ya kuja kushika kalamu ya ofisi, na darasani tulifundishwa kuanza na kile mwanafunzi alicho nacho mkononi. Mkulima ana kikaratasi cha mizani. Na tuanze hapo.

Kikaratasi hicho kionyeshe tarehe, jina au namba ya mwanachama, aina ya zao, kilo, na sahihi ya mpimaji. Kikikosa kimoja, kirudishwe pale pale. Kisha tufanye hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, chama kimeuza korosho kwa shilingi 60 kwa kilo. Magunia na usafiri ni shilingi 7, mishahara na kodi ya ghala 5, kulipa deni 6, na akiba ya chama 2. Jumla ni 20, na mkulima anabakiwa na 40. Ikiwa amelipwa 34, shilingi 6 ziko wapi? Mwenye kilo 400 anadai shilingi 2,400. Kama wanachama wako 200 na kila mmoja ana kilo kama hizo, ni shilingi 480,000. Huenda ziko benki, zinangoja kugawanywa mwisho wa mwaka, na hapo hapana kosa lolote. Lakini na zionekane katika hesabu. Mkulima anayeijua hesabu hii haendi mkutanoni kugombana. Huenda kuuliza.

Tena makato si wizi kwa kuwa tu ni makato. Hili nalo ni elimu, na baadhi ya wasomaji halitawapendeza. Chama kisicho na akiba gari likiharibika siku ya mavuno hukimbilia mkopo wa haraka, na mkopo huo hulipwa na mazao ya mwaka ujao. Na mwanachama anayeuza mazao yake usiku kwa mchuuzi wa njiani, kisha asubuhi anadai mgao, huyo naye anakitoboa chombo alichopanda.

Sheria ya 1997 ilimpa kila mwanachama kura moja, awe na hisa kumi au elfu. Ilimpa pia haki ya kuziona sheria ndogo, kumbukumbu za mikutano mikuu na hesabu za mwaka katika ofisi ya chama. Mkutano mkuu utangazwe kwa maandishi siku 15 kabla, na katika mkutano wa mwaka wanachama ndio huamua ziada igawanywe vipi na chama kikope mpaka kiasi gani. Hilo la mkopo ni zito mno, kwa sababu chama kikianguka mwanachama anaweza kutakiwa kuchangia madeni. Mara nyingi huwa mwisho wa orodha, wakati chakula kimekwisha iva na watu wanatazama saa. Liletwe mapema, watu wakiwa macho.

Iko shida moja ambayo kamati nyingi hazitaki kuigusa. Hati ya shamba ina jina la mume, kwa hiyo mwanachama ni mume. Lakini anayeokota korosho, anayezikausha na anayefika mizanini mara nyingi ni mke, na mafunzo yakija barua humwendea mume, ambaye pengine yuko hapa Changamwe kazini. Hivyo anayepima hajafundishwa, na aliyefundishwa hapimi. Chama kinaweza kufungua mafunzo yake kwa watu wote wa nyumba, na tena kinaweza kumwandikisha mke awe mwanachama kwa hisa zake mwenyewe, ikiwa sheria ndogo zinakubali. Zikikataa, mkutano mkuu unaweza kuzibadilisha.

Gharama yake si kubwa. Saa mbili chini ya mwembe, ubao mmoja, mizani ya chama, na mtu anayejua kueleza polepole kwa Kiswahili, au kwa Kigiriama na Kidigo pale wazee wanapopendelea. Wasiojua kusoma wakae karibu na mizani wafundishwe tarakimu kwanza. Kuanzia sufuri mpaka tisa kunatosha kwa siku ya kwanza.

Kazi za ushirika zimo chini ya serikali za kaunti tangu mwaka 2013. Kamati inayotaka sheria zake ndogo zisomwe na kuelezwa na imwandikie ofisa wa ushirika wa kaunti, itaje jina la chama, mahali na siku ya mkutano, na barua hiyo iende mapema kabla ya mavuno. Siku hiyo ikifika, kila mtu na aje na vikaratasi vyake vya msimu uliopita.