OLEANDA NDANI YA KOPO: UZURI WAKE NA SUMU YAKE

Ndugu wakazi wa Nakivale, wengi wetu tunapenda kupanda oleanda mlangoni, ule mmea wa maua mekundu au meupe ambao waliosoma Kifaransa huuita lorie-rozi. Hauogopi jua.

Toboa matundu chini ya kopo la mafuta ili maji yasituame. Liweke penye jua. Kivulini utapata majani matupu. Kuanzia Juni hadi Agosti mwagilia kila udongo wa juu unapokauka. Maji yaliyooshea mboga yanatosha, usimalize ya kunywa. Wakati wa mvua acha kumwagilia. Maua yakiisha kata matawi marefu, kwani maua mengine hutoka kwenye machipukizi.

Lakini kwenye kukata ndiko kwenye hatari. Mmea wote ni sumu: jani, ua, tawi, mzizi na utomvu, hata ukikauka. Sumu hiyo huvuruga mapigo ya moyo. Majani machache yanaweza kumwua mtoto, na mbuzi pia. Matawi uliyokata usiyafanye kuni wala vijiti vya kuchomea nyama, na moshi wake ni mbaya. Yafukie, kisha nawa kwa sabuni.

Mtoto akitafuna jani, litoe kinywani, usimtapishe, usingoje dalili. Mkimbize kituo cha afya, hata usiku, na uchukue tawi moja muuguzi alione. Mama mwenye mtoto anayetambaa ningemshauri aache oleanda kwanza, apande mchaichai.