Mkanda wa Mbwa na Programu ya Simu

Watu wengi hudhani kuwa setilaiti humwona mbwa aliyevaa mkanda wenye GPS. Sivyo. Setilaiti hutangaza tu saa na mahali zilipo. Mkanda wenyewe hupokea habari za setilaiti 4 au zaidi, hupiga hesabu ya mahali ulipo, kisha huipeleka kwa mtandao wa simu.

Wakati wa likizo nilitengeneza programu ya kupokea habari hizo kwa ajili ya Simba, mbwa wa bibi yangu. Nilichora mpaka kuufuata ua wa nyumba; Simba akiuvuka, simu ilie. Usiku wa kwanza ililia mara sita, na Simba amelala kando ya ua! Hesabu ya GPS yaweza kukosea mita kadhaa, hivyo mbwa aliye ukingoni huonekana yu nje.

Bibi akasema, "Mjukuu wangu, simu hii yabweka kupita mbwa mwenyewe," akaizima. Usiku uliofuata Simba alitoka kweli, wala hatukujua. Alirudi asubuhi akichechemea, mtego wa waya umemkata mguu.

Basi nikarekebisha mambo mawili. Kwanza, niliusogeza mpaka mita 20 nje ya ua. Pili, simu isilie mpaka mkanda uonyeshe mara 3 mfululizo kuwa mbwa yu nje. Sasa ikilia, Bibi huamka.

Ndugu wasomaji, kengele isemayo uongo ni mbaya kuliko kukosa kengele, maana huwazoeza watu kutoisikia.