Kabla Hujamwambia Fundi Akate Waya wa 4WD ya Gari Lako la Shamba

Mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea, kijana mmoja anayelima nyanya kule Bugwema alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi. Hakuwa na swali la kantangaze wala la mnyauko. "Shikamoo bwana shamba. Nimenasa. Nina matenga sita ndani ya gari, na taa ya 4WD inawaka na kuzima, inawaka na kuzima." Gari lake ni RAV4, toleo lile lililoanza kutoka mwishoni mwa 2005. Nikamuuliza amelikanyagia mafuta kwa muda gani hapo topeni. Akasema, kama nusu saa hivi.

Maksai wa jirani ndio waliomtoa. Jioni akapiga tena, sasa na swali lenyewe: kuna fundi amemwambia atamfungia swichi, 4WD iwe inashika muda wote anaotaka yeye, siyo mpaka kompyuta iamue. Je, afanye?

Nimeona nijibu hapa maana hayuko peke yake. Kuanzia hapa Buhare mpaka Majita, Butiama na Bunda, vijana wengi mnaolima kibiashara mmenunua magari ya mtumba kutoka Japani: RAV4, Vanguard, X-Trail, Dualis. Wiki nzima linabeba mbolea na matenga, Jumapili linapeleka familia kanisani. Halafu mvua ikinyesha siku mbili linakwama mahali ambapo Land Cruiser ya zamani inapita ikicheka. Hasira inakupeleka gereji. Mimi mwenyewe ilinipeleka, na yaliyonikuta nitayasema, ila kwanza tuelewane kitu hiki kinafanyaje kazi.

Land Cruiser ya zamani ina mkono wa pili pembeni ya gia. Ukiuvuta, mbele na nyuma vinafungwa pamoja kwa chuma, na ina gia ya chini kabisa ya kutambaa nayo taratibu. Magari yetu haya hayana mkono huo wala gia hiyo. Yanavutwa na magurudumu ya mbele. Propela shafti inazunguka mpaka nyuma, lakini kabla ya kuingia kwenye difu ya nyuma inakutana na kopo ambalo mafundi wanaliita kaplingi. Ndani ya kopo kuna sahani za klachi zilizolowa mafuta, pamoja na koili ya sumaku ya umeme. Kompyuta ikipeleka umeme, sumaku inavuta klachi ndogo, klachi ndogo inasababisha kubwa ibanwe, nguvu inafika nyuma. Umeme usipokuwepo, magurudumu ya nyuma yanafuata tu kama tela.

Sasa zingatia hapa. Kompyuta haimwagi umeme mfululizo. Inaupeleka kwa vipigo vifupi vya haraka sana, kama mtu anayefungua na kufunga koki ya dripu, ili ipime nyuma ipewe nguvu kidogo au nyingi. Na kabla ya kuamua inasoma mambo mengi: kila gurudumu linazunguka kwa kasi gani (taarifa hiyo inatoka kwenye sensa za breki za ABS), umekanyaga mafuta kiasi gani, umekata usukani kiasi gani. Kaplingi ikipata joto kupita kiasi, kompyuta inaiachia na taa inaanza kumeta. Ndiyo ile taa ya kijana wa Bugwema. Gari halikuwa bovu. Lilikuwa linajiokoa. Dawa yake ni kuacha kukanyaga mafuta, kusimama injini ikiwa inanguruma taratibu, na kusubiri taa izime.

Wengi hamjui pia kwamba hiyo swichi mnayotaka kufungiwa, gari tayari linayo. Kwenye RAV4 ya toleo hilo kuna kitufe cha LOCK kwenye dashibodi. Kwenye X-Trail kuna ya kuchagua 2WD, AUTO au LOCK. Nimeshapanda magari ya watu waliomiliki miaka mitatu bila kukigusa. Kitufe hicho unakibonyeza kabla ya kuingia topeni, siyo baada ya kuzama. Kwenye RAV4 kinajiachia chenyewe ukipita kilometa 40 kwa saa, na kinajiachia pia ukikanyaga breki. Watu wanalalamikia hilo la kujiachia. Nami nililalamika, ndipo nikaenda kwa fundi.

Gereji sitaitaja. Fundi alikuwa mchangamfu, akaniambia, "Mkuu, hii ni waya mbili tu." Akaingia chini ya gari, akakata waya unaotoka kwenye kompyuta kwenda kwenye kaplingi, akavuta umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia swichi ya taa za ziada. Dakika arobaini, kazi imekwisha. Tukaenda kujaribu kwenye kiwanja chenye tope, na nakiri lilitoka kama mbuzi. Nikamlipa na ya soda juu.

Wiki mbili za kwanza nilikuwa nalisifia kwa kila mtu. Kasoro moja tu: taa ya hitilafu ya 4WD haikuzima tena, maana kompyuta ilikuwa inaitafuta koili yake haiioni. Fundi akasema niizoee. Kuizoea taa ya hitilafu ni kosa la kwanza, kwa sababu siku ikiwa na jambo la kweli la kukuambia hutaisikia.

La pili lilikuja kwenye mteremko wa njia ya changarawe upande wa Butiama, mvua imetoka kunyesha. Nilikanyaga breki kwenye kona. Kwa kawaida kompyuta ingeachia nyuma, kila gurudumu lipunguze mwendo kivyake na ABS ifanye kazi yake. Langu lilikuwa limefungwa na swichi, mbele na nyuma vimeshikana. Gari likakataa kona, likaenda moja kwa moja kama linasukumwa na mtu. Ilikuwa shamba la mihogo, tunamshukuru Mungu, siyo korongo. Nilikaa ndani ya gari dakika kadhaa nasikiliza moyo.

Mngedhani hapo ningeondoa ile swichi. Sikuondoa. Siku chache baadaye nilitoka shambani jioni nimechoka, nikaingia lami kuelekea Bunda na swichi iko chini. Haikuwa na taa ya kukumbusha wala mlio. Kwenye lami kavu, unapokata kona, magurudumu ya mbele yanasafiri njia ndefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo lazima kuwe na kitu cha kulegea katikati. Kikikosa kulegea, tairi zinakwaruza, propela inajikaza, klachi zinaungua. Nilianza kuhisi gari zito kwenye kona kama limeshikwa hendibreki, halafu ikaja harufu. Koili nayo ilikuwa inakula umeme wa betri bila kupumzika, wakati ilitengenezwa kupokea ule wa vipigo. Kufika Bunda, nyuma hakuna kitu. Nilinunua kaplingi ya mtumba, na fedha ilitoka kwenye fungu la mbegu chotara na mbolea ya bustani yangu ya nyanya. Msimu ule nililima nusu ya nilichopanga, kwa sababu ya waya mbili.

Fundi wa pili, mzee mmoja mtaratibu sana, ndiye aliyenirudisha darasani. Alisema kama mtu lazima achezee mfumo huu, basi asikate waya wa kiwandani. Atumie plagi ya katikati, inayochomeka na kuchomoka, ili gari lirudi lilivyokuwa kwa dakika mbili. Umeme upitie kifaa kinachoupiga vipigo kama kompyuta inavyofanya, kamwe usitoke betri moja kwa moja. Fyuzi ikae karibu na betri. Swichi iwe na taa kubwa nyekundu mbele ya macho ya dereva, na ijikate kupitia waya wa taa za breki kila unapokanyaga breki. Akamaliza, akanitazama. "Ukishafanya yote hayo, mwanangu, umetengeneza upya kitufe cha LOCK ulichonacho." Nilicheka, lakini kicheko cha uchungu.

Aliponyanyua gari langu ndipo tukaona sababu ya kweli ya mimi kukwama tangu mwanzo. Tairi mbili za mbele zilikuwa mpya, mbili za nyuma zimekaribia kipara. Kwenye gari la kawaida hilo ni ubahili tu. Kwenye gari hili ni sumu, kwa sababu tairi iliyoisha ni ndogo kidogo na inazunguka haraka zaidi, kwa hiyo kaplingi haipumziki, inasuguana hata kwenye barabara iliyonyooka. Kama unaweza kununua tairi mbili tu, subiri uwe na za nne: saizi moja, aina moja, uchakavu mmoja.

Halafu matope. Sensa za ABS ziko pale gurudumuni, na waya wake unapita mahali panapopigwa na tope na mawe. Gari moja la X-Trail nililoletewa hapa Buhare likisemekana kompyuta imekufa, lilikuwa na waya wa sensa ya nyuma kulia umekatika. Ulipounganishwa vizuri na kufungwa, 4WD ikarudi. Kwa hiyo kabla ya kununua kompyuta au kaplingi, lipie kwanza kipimo cha mashine, kisha mtu apige magoti aangalie waya kwa macho.

Mafuta ya difu ya nyuma nayo hakuna anayeyakumbuka. Yakitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Na hapa ndipo kuna mabadiliko ambayo mimi nayaunga mkono kwa mikono miwili, wala hayana umeme. Juu ya difu kuna tundu la kupumulia. Difu ikiwa ya moto halafu ukaingia mtoni ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na tundu linanyonya maji. Mwambie fundi afunge mpira mrefu kwenye tundu hilo, aupandishe juu mpaka kwenye usawa wa taa za nyuma. Hicho kimpira kimoja kitakuokolea difu kila unapovuka vijito vyetu wakati wa masika.

Baada ya yote hayo bado kuna suala la udongo, na hapo narudi kwenye kazi yangu. Huku tuna ardhi mbili zenye tabia tofauti kabisa. Mchanga wa kando ya ziwa, kama Majita na Mugango, unamkubali anayepunguza upepo: kutoka PSI 32 mpaka karibu 20, endesha polepole, jaza tena kabla ya kuingia lami. Udongo mweusi wa mbuga haujali hilo sana. Unajaza meno ya tairi mpaka tairi zote nne zinakuwa vipara vya tope, na hapo kompyuta ipeleke nguvu mbele, nyuma au mbinguni, hakuna kinachoshika. Tena magari haya tumbo lake liko chini. Likishalala tumboni, 4WD haina kazi. Mbuga iliyolowa inataka siku mbili za jua, siyo swichi. Na kama ratiba yako ya kuvuna inaangukia katikati ya masika kila mwaka, kwenye mbuga, basi gari lako siyo hilo. Tafuta Escudo yenye gia ya chini au Hilux, na hata hizo zenye mkono, ukitoka topeni kwenda lami unaachia.

Lakini piga hesabu kwanza. Umbali wa kijana wetu kutoka shambani mpaka kwenye changarawe ngumu hauzidi kilometa moja na nusu. Mzigo wa Mwanza ni safari ya zaidi ya kilometa 200 za lami. Yaani anataka kuharibu gari kwa ajili ya safari yote hiyo, ili kushinda kilometa moja na nusu ambayo maksai wanaitembea kwa nusu saa.

Nilimwambia hivyo hivyo. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza bei ya ubao. Sasa sensa zimesafishwa, mafuta ya difu yamebadilishwa, kimpira cha kupumulia kimefungwa, na RAV4 inalala kando ya barabara kwa mama mmoja mwenye duka. Fedha ya swichi imeingia kwenye mkokoteni. Jumamosi nakwenda kuukagua. Ekseli yake imetoka kwenye Corolla iliyokufa, na nataka nione kama beringi zake zitahimili matenga ishirini.